Leonardo, Zoop au Peregrine? Kompyuta ya mbizi kwa maji ya Pemba, Mafia na Diani

Mnunuzi wa kompyuta ya kwanza ya mbizi huanza na bei, kisha huuliza kama inaungana na simu. Kuna maswali mawili yanayopaswa kutangulia. Ukiwa mita 5, mkondo unakuburuta, mkono mmoja umeshika uzi wa boya na mwingine unatoa hewa kwenye jaketi la kuelea, je, unaweza kuisoma kwa kutupa jicho mara moja? Na betri ikizima Ijumaa usiku ukiwa Mkoani au Kilindoni, utaipata wapi nyingine kabla boti haijang'oa nanga alfajiri? Ukizipima kwa mizani hiyo, kompyuta ya bei kubwa haishindi kila mara.

Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asisumbuke. Mwenye pesa kidogo anunue Cressi Leonardo. Anayezama kila siku, yaani kiongozi wa mbizi au mwalimu, ajikusanye afike Shearwater Peregrine. Suunto Zoop Novo ya mtumba ni chaguo zuri ikiwa imetunzwa na ukajua la kukagua. Apple Watch Ultra na saa za Garmin zina wateja wake, tutawafikia. Transmita ya kusoma hewa ya mtungi isubiri hadi mengine yote yakamilike.

Inachokihesabu

Ndani ya kile kiduara kuna kihisi cha shinikizo, saa na hesabu. Kila baada ya sekunde chache inapima kina, inakadiria naitrojeni iliyoingia mwilini, kisha inaonyesha dakika ulizobakiwa nazo kwenye kina hicho kabla hujalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Kusimama huko kwa lazima ndiko wazamiaji wanakokuita deko. Dakika hizo ndizo za kuangaliwa kwanza, halafu kina, muda uliokwisha kupita na kasi ya kupanda. Kompyuta inayozificha namba hizi nyuma ya kitufe cha pili ili ikuonyeshe picha ya samaki imeundwa na mtu wa matangazo.

Mwili wako haiujui. Inaufananisha na vyumba kadhaa vinavyopokea na kutoa naitrojeni kwa kasi tofauti. Hesabu inayotumika sana, ZHL-16C, ilitokana na kazi ya Albert Bühlmann, daktari wa Zürich huko Uswisi, na ina vyumba 16. Chumba chepesi kuliko vyote hujaa nusu kwa dakika 4 au 5. Kizito kuliko vyote huchukua dakika 635 kufika nusu. Chukua chumba cha dakika 5: dakika 5 za kwanza kimejaa nusu, dakika 10 robo tatu, dakika 30 karibu chote. Kile cha dakika 635 kwa mwendo huohuo kinataka zaidi ya siku mbili na nusu. Ndiyo maana mtu aliyezama mara tatu jana kisiwa cha Misali hapewi asubuhi ya leo dakika sawa na mgeni aliyeshuka sasa hivi kwenye ndege.

Faida kubwa ya kompyuta mbele ya jedwali la karatasi inaonekana kwenye kuta za Pemba. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, linakupa dakika 20 kwa mita 30 na dakika 56 kwa mita 18. Ukishuka hadi mita 29, ukakaa dakika 6, kisha ukapanda pole pole kando ya ukuta hadi mita 12, jedwali linakuhesabu kana kwamba ulilala mita 30 muda wote. Kompyuta inakuhesabia kila mita kwa wakati wake, kwa hiyo mbizi ya dakika 50 inawezekana bila deko. Lakini hesabu hiyo inadhani umeanza na kina kirefu ukamalizia kifupi. Anayepanda na kushuka mara nane kwenye mbizi moja, kama wafanyavyo baadhi ya wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi, anaisukuma hesabu mahali ambapo haikupimwa vizuri. Kompyuta itaendelea kumwonyesha namba, na namba hizo hazistahili imani ileile.

Kuna vitu vingine haivioni kabisa: maji uliyopoteza kwa jua la chomboni, kutapika kwa mawimbi ya kusi, kupigana na mkondo kwa dakika kumi, usingizi uliokosa. Hayo unayapunguza wewe kwa kuweka kiwango cha tahadhari juu zaidi.

Tahadhari, na kwa nini kompyuta mbili hazikubaliani

Wawili wamezama pamoja, kina kimoja, muda mmoja. Mmoja ana dakika 9, mwingine 4. Hakuna iliyoharibika. Kila kampuni imechagua hesabu yake na mahali pa kuweka mstari.

Zoop ya Suunto na Leonardo ya Cressi zinatumia RGBM, hesabu iliyotokana na kazi ya Bruce Wienke, ambayo hutia maanani viputo vidogo. Kwenye mbizi ya kwanza hutaona tofauti kubwa. Mbizi ya pili na ya tatu ndipo inapobana, hasa ukipumzika muda mfupi juu ya maji, ukipanda haraka, au ukipanda na kushuka kama msumeno. Kwa mgeni wa mbizi mbili kwa siku hilo halina shida. Kwa kiongozi anayeingia mbizi ya nne saa tisa mchana, kompyuta yake itaanza kulalamika kabla ya za wageni wake, na hapo hupatwa na kishawishi cha kuipuuza. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Shearwater na Garmin wanatumia Bühlmann pamoja na vigezo vinavyoitwa GF, namba mbili zinazokuruhusu kusogeza mstari mwenyewe. Peregrine imekuja na viwango vitatu vilivyopangwa: cha chini 45/95, cha kati 40/85 na cha juu 35/75. Namba ya pili ndiyo ya kuishika kichwani. 85 maana yake utatoka majini ukiwa na asilimia 85 tu ya mzigo ambao hesabu ya asili ingekuruhusu. 95 maana yake umesogea karibu na ukingo. Namba ya kwanza inaamua kituo cha kwanza cha deko kiwe kina gani, kwa hiyo asiyeingia deko haimgusi sana. Anza na 40/85. Umri umesogea, una uzito, au unazama siku nyingi mfululizo, weka 35/75. Hatuoni sababu ya mzamiaji wa burudani kutumia 45/95.

Kwa Leonardo, tahadhari inaitwa SF: SF0, SF1, SF2. SF0 ni legevu, SF2 inabana. Kwa maji yetu yenye joto, mtu mzima mwenye afya aanze na SF1, kwa kuwa RGBM yenyewe tayari imeshabana.

Wenzi wawili wenye kompyuta tofauti wafuate ile yenye dakika chache. Jambo hili lisemwe chomboni, kabla ya kuruka.

Leonardo

Ina kitufe kimoja na herufi kubwa, na kioo chake cha kijivu kinasomeka vizuri juani. Inakubali hewa ya kawaida na nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) hadi asilimia 50 ya oksijeni, pamoja na hali ya kipimo tu, ambayo huonyesha kina na muda bila hesabu. Bei yake kwa maduka ya nje huzunguka dola 200 hadi 250 hivi.

Kitufe kimoja kina faida na kero. Faida: hakuna cha kukosea chini ya maji. Kero: kuweka mchanganyiko wa gesi ni safari ya kubonyeza kwa muda mfupi, kubonyeza kwa muda mrefu, kupitiliza ulichokitaka, na kuzunguka upya. Fanya kazi hiyo nyumbani, mara kumi, hadi kidole kijue chenyewe. Anayejifunza kuweka nitroksi boti ikiwa tayari Kinasi Pass, kule Mafia, atakosea.

Betri yake ni CR2430, unabadilisha mwenyewe kwa sarafu. Hapo ndipo tatizo la huku kwetu. CR2032 kila fundi saa anayo, na funguo nyingi za magari zinaitumia. CR2430 na CR2450 ni haba. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo au barabara ya Luthuli Nairobi huwa nazo, duka la Kizimkazi halina. Nunua tatu kwa mpigo zenye tarehe ya mbali, uziache kwenye pakiti zake. Usikubali kuwekewa CR2032 "kwa muda". Kipenyo chake ni kidogo, haitashika vizuri.

Zoop Novo na ndugu zake

Suunto Zoop Novo ni kubwa kama kisahani cha kikombe cha kahawa, haina urembo, na ndiyo sababu vituo vingi vya kukodisha vifaa duniani viliipenda. Vitufe vinne, betri CR2450 unayoweza kubadilisha, kina hadi mita 80. Menyu yake inaeleweka zaidi ya ya Leonardo kwa sababu kila kitufe kina kazi yake. Mares Puck Pro ipo kwenye daraja hilohilo: kitufe kimoja, betri CR2450, bei ya kufanana. Kati ya Puck na Leonardo sisi tungechukua ile ambayo fundi wa kituo chako anaijua na ana oringi zake, yaani pete za mpira za kuzuia maji.

Ubaya wa Zoop ni kujifunga. Ukiingia deko, ukapanda juu ya kina ulichoamriwa kusimama na kukaa huko zaidi ya dakika 3, inaonyesha kosa na kukatalia hesabu kwa saa 48. Itabaki kipimo cha kina na muda tu. Kompyuta nyingi za daraja hili zina adhabu ya aina hiyo, ya saa 24 au 48 kutegemea kampuni na kosa. Kwa mgeni ni ulinzi wa maana: mtu aliyeruka deko hapaswi kuzama kesho. Makosa hutokea pale mtu anapoazima kompyuta ya rafiki siku ya pili "kwa sababu yangu imejifunga". Kompyuta hiyo haijui chochote kuhusu jana yako. Shearwater haijifungi, inakuonya na kuendelea kuhesabu, ikidhani aliyeivaa anajua anachokifanya.

Peregrine

Kioo cha rangi cha inchi 2.2, vitufe viwili, mtikisiko mkononi unapovuka mpaka, na namba zenye rangi: nyeupe kwa kawaida, njano kwa onyo, nyekundu kwa hatari. Mwenye macho ya miaka 45 na kuendelea, anayesogeza gazeti mbali ili alisome, aache kusoma makala hii na kuanza kuweka akiba. Tofauti yake na kioo cha kijivu kwenye maji yenye ukungu wa mchanga, au magharibi kwenye mbizi ya usiku, ni kubwa kiasi cha kuhalalisha bei ya dola 500 na ushee. Mtikisiko nao una thamani kuliko mlio. Mlio chini ya maji husikika kutoka kila upande, na kwenye kundi la watu sita kila mmoja hutazama mkono wake akidhani ni yake.

Betri yake ni ya kuchaji, bila kufungua chochote, kwa kuilaza kwenye chaja isiyo na waya. Kampuni inataja kama saa 30 za mbizi kwa mwanga wa kati, yaani mbizi 30 hivi za saa moja. Hakuna kifuniko, kwa hiyo hakuna oringi ya kuvuja. Upande wa pili, baada ya miaka betri ikichoka, fundi wa mtaani hataigusa. Itabidi isafiri kwenda kwa wakala. Na kama umeme wa kisiwa unakatika, benki ya chaji ya simu inatosha mradi umekuja na ile chaja yake. Watu husahau chaja, na kompyuta ya dola 500 hugeuka bangili.

Peregrine ya kwanza haina dira wala haisomi mtungi. Peregrine TX ina vyote viwili. Kwa kuta za Pemba na miamba ya Mnemba, dira ya kawaida ya sindano inatosha, tena haihitaji chaji.

Saa za mkononi

Apple Watch Ultra ina kipimo cha kina kinachofuata kiwango cha Ulaya EN 13319, na programu ya Oceanic+ inaigeuza kompyuta ya mbizi ya burudani hadi mita 40. Hesabu yake ni Bühlmann yenye GF, na kioo kinang'aa vizuri. Yanayotukwaza ni haya: kazi za mbizi zinalipiwa kwa muda, kioo cha kugusa hakifanyi kazi majini kwa hiyo unategemea kitufe na gurudumu la pembeni, betri ni ya siku moja au mbili, na mita 40 ndio mwisho. Ukuta wa Pemba unashuka mamia ya mita, na mkondo unaoshuka hausomi mkataba wa kampuni. Mwenye saa hiyo tayari aitumie, lakini awe na kompyuta ya pili mkononi, hata Leonardo.

Garmin Descent imejengwa kwa mbizi tangu mwanzo, na inafaa anayetaka kifaa kimoja cha kukimbia, kuogelea na kuzama. Anayetaka kuzama tu analipia vingi asivyovihitaji.

Transmita

Kifaa kidogo kinachofungwa kwenye regulata (kifaa cha kupumulia) na kutuma shinikizo la mtungi hadi mkononi. Kinapendeza, na kinamsaidia kiongozi kujua hewa yake bila kutafuta geji. Lakini kina betri yake, oringi yake, na siku yake ya kukataa kuungana. Wahudumu wa boti hukishika kama mpini wanaponyanyua mtungi, na hapo ndipo kinapovunjika. Geji ya kawaida ya hewa isiondolewe hata ukiwa nacho.

Kukodisha na kuazimana

Hili ndilo kosa linaloonekana sana na kuzungumzwa kidogo. Kompyuta inabeba naitrojeni ya aliyeivaa. Asubuhi ulizama na kompyuta ya kukodi namba 4, mchana ukapewa namba 7 iliyolala kabatini: namba 7 inaamini wewe ni mpya kabisa na itakupa dakika usizostahili. Ukikodisha, andika namba ya kifaa na uidai hiyohiyo hadi siku yako ya mwisho. Wawili kutumia kompyuta moja kwa hoja kwamba "tunakaa pamoja" pia hakukubaliki, kwani mita 2 za tofauti kwenye mita 28 zinabadilisha dakika. Na kumfuata kiongozi bila kompyuta yako mwenyewe ni kuazima mwili wake.

Nitroksi

Oksijeni nyingi kilindini ni sumu. Kwa kikomo cha shinikizo la oksijeni cha baa 1.4, nitroksi ya asilimia 32 inaishia mita 33 na ya 36 inaishia mita 28. Kompyuta itakupigia mlio ukivuka, lakini kwa sharti umeiambia ukweli. Ukiwa na 32 mtungini na kompyuta imebaki kwenye hewa, dakika zake zitakuwa za tahadhari kupita kiasi, lakini haitakuonya kuhusu oksijeni. Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa naitrojeni: mtungi una hewa ya kawaida, kompyuta imebaki kwenye 32 ya jana. Itakupa dakika za uongo. Pima mtungi mwenyewe, andika kwenye tepu, weka kompyuta, mwonyeshe mwenzio.

Baadhi ya kompyuta za Aqualung na Oceanic zina mpangilio unaorudisha oksijeni kwenye asilimia 50 kila mbizi inapokwisha, usipoweka upya. Ndiyo sababu mtu hufika mita 18 kwenye mbizi ya pili na mkono unaanza kupiga kelele ingawa mtungi una 32. Kifaa ni kizima. Kinachukulia mchanganyiko hatari zaidi kwa oksijeni na kuhesabu naitrojeni kama hewa, hadi utakapokiambia vingine.

Ndege, treni na milima

Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unasema usipande ndege kwa saa 12 baada ya mbizi moja bila deko, saa 18 baada ya mbizi za kurudia au za siku nyingi, na zaidi sana ya hapo ukiwa umeingia deko. Kompyuta nyingi huonyesha picha ya ndege na kuhesabu saa 24 moja kwa moja. Fuata muda mrefu zaidi.

Kinachosahaulika ni kwamba mwili hautambui ndege, unatambua mwinuko. Miongozo hiyo inaanza kuhesabu kuanzia mita 600 hivi. Nairobi iko juu ya mita 1,600. Anayezama Diani asubuhi, akavuka feri ya Likoni na kupanda treni ya SGR ya mchana, amepanda mwinuko wa kutosha kuhesabiwa, tena kwa saa chache tu. Vivyo hivyo Tanga kwenda Lushoto, na Arusha iliyo kwenye mita 1,400 hivi. Mtalii anayetoka Mnemba na kulala ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, usiku uleule ni tatizo ambalo wakala wa safari analitengeneza bila kujua.

Wanaozama Ziwa Tanganyika nao wana lao. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kwenye Zoop lazima uweke mwinuko mwenyewe: A0 ni hadi mita 300, A1 ni 300 hadi 1,500, A2 ni 1,500 hadi 3,000. Kigoma ni A1. Ukiacha A0, kompyuta inahesabu kama uko Nungwi. Kompyuta inayopima hewa na kujirekebisha yenyewe, kama Peregrine, inakuondolea kazi hiyo. Maji baridi yasiyo na chumvi pia ni mepesi kwa asilimia 3 hivi, kwa hiyo kina kitakachoonyeshwa hakitalingana kabisa na kamba iliyopimwa.

Kubadilisha betri na kutunza

Usibadilishe kati ya mbizi mbili. Kompyuta nyingi zikikosa umeme husahau naitrojeni, hata kama kumbukumbu za mbizi zinabaki. Subiri siku mbili bila kuzama. Iloweke maji yasiyo na chumvi, ikauke kivulini usiku kucha. Fungua kwa sarafu juu ya kitambaa cheupe ili oringi isipotee. Itoe kwa ukucha au kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano. Angalia nywele, chembe ya mchanga, mkato. Ikiwa imebapa upande mmoja, weka mpya. Grisi ya silikoni ipakwe nyembamba hadi oringi ing'ae tu. Ukipaka nene inakusanya mchanga. Usitumie mafuta ya gari wala vaselini. Betri ishikwe pembeni kwa kitambaa kikavu, upande wa kujumlisha kama mchoro unavyoonyesha. Kisha itumbukize kwenye glasi ya maji dakika 10 na utazame kama kuna ukungu nyuma ya kioo. Ukiuona, fungua mara moja, usingoje.

Baada ya kila siku ya mbizi iloweke maji yasiyo na chumvi nusu saa na ubonyeze vitufe ndani ya maji. Usiipulize tundu la kihisi kwa hewa ya mtungi. Chumvi itatoka na kihisi kitaharibika pamoja nayo. Jua la sitaha hukifanya kioo kigeuke cheusi, na dawa ya mbu yenye DEET hula plastiki na mkanda. Mkanda ndio unaokatika kwanza. Beba wa akiba na pini zake mbili.

Kukagua ya mtumba

Omba kufungua kifuniko cha betri mbele ya muuzaji. Rangi ya kijani au unga mweupe kwenye vibati ni chumvi iliyoingia. Rudisha na uondoke. Washa taa ya kioo, bonyeza kila kitufe mara 20, kwa sababu kitufe kinachoshikwa na chumvi huonekana kizima mara tano za kwanza. Angalia saa za mbizi kwenye kumbukumbu na kina cha juu kilichowahi kufikiwa. Ukipata ruhusa, ifunge mkononi karibu na ya mwingine unayoiamini kwenye mbizi moja na uzilinganishe kwenye kituo cha usalama cha mita 5, pale mnaposimama kidogo kabla ya kutoka majini. Tofauti ya sentimita 30 ni ya kawaida. Ikionyesha mita 4 wakati mwenzake anasema 5, kihisi kimechoka, na hakuna fundi wa Darajani wala Mombasa atakayekirudisha.

Ukiagiza mpya kutoka nje, ongeza ushuru na VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, kabla ya kushangilia bei ya mtandaoni, na muulize muuzaji dhamana inaheshimiwa na wakala yupi. Mara nyingi jibu ni Afrika Kusini au Dubai, na nauli ya kwenda na kurudi ni yako.